Mstari wa Mkwe

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kulikuwa bado giza, na Nangila aliamka akidhani panya ametoboa gunia la mahindi tena. Alipapasa chini ya kitanda akakipata kiatu cha mumewe Kituyi, akakiinua tayari kukirusha. Ndipo akaona mwanga wa koroboi ukichungulia chini ya mlango wa chumba cha mbele. Akakishusha kiatu, akaenda kuangalia.

Alikuwa Jepchirchir, msichana wa chuo, ameketi kwenye kigoda na blanketi mabegani, anachonga penseli kwa wembe. Miguuni pake alikuwa ametandaza kipande cha gazeti ili maganda ya penseli yasimwagike sakafuni. Sakafu hiyo Nangila alikuwa ameisiriba juzi kwa ajili ya mgeni, na wala hakumwambia mtu. Aliliangalia hilo gazeti, moyo wake ukapoa.

"Wewe mtoto wa watu, nilikuwa karibu kukupiga na kiatu."

"Nimekuamsha, Mama? Pole sana. Usingizi umekataa."

"Umekataa kwa nini, na kitanda nimekupa mimi?"

Jepchirchir akacheka kidogo. "Leo ndiyo tunapima, Mama."

"Najua. Lakini mlima hauendi mahali. Utaukuta palepale." Nangila akachochea moto, akateleka chai. "Kunywa kwanza. Mtu hapimi kitu na tumbo tupu."

Wakati huo Makaburu walikuwa bado wanalima nchi yote ile kuanzia Eldoret, mji ambao wazee waliuita Sisibo, mpaka kupita mahali panapoitwa Ziwa. Kituyi alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa Kaburu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Ndevu, na wafanyakazi walipewa vijishamba mgongoni mwa mlima, pale ambapo trekta halikutaka kupanda. Hapo ndipo Nangila alipolima mahindi na maharagwe yake, na hapo ndipo Kikundi kilipomkuta.

Walijiita kwa jina refu la Kiingereza, lakini pale shambani waliitwa Kikundi tu. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Elphas, Mmaragoli mrefu mwenye kofia ya majani, na chini yake wanafunzi wachache wa chuo cha Kampala waliosomea mambo ya nchi: udongo, mito, mashamba, na namna watu wanavyokaa juu yake. Walishuka kwenye gari la moshi pale Eldoret, wakapanda lori na mahema yao, wakaja.

Kikundi kilikuwa na mwaka wake, kama vile mkulima ana wake. Januari, ardhi ikiwa kavu, walikuja kupima. Mvua ikikaribia walirudi Kampala, wakaacha geji ya bati nyuma ya kanisa ili mwalimu wa shule ya pale asome mvua iliyoanguka kila siku. Agosti, mahindi yakiwa yamempita mtu kimo, walirudi na kutembea kwa mstari ulionyooka kutoka kijito hiki hadi kile, wakiandika kila walichokikanyaga: hapa ngano, hapa malisho, hapa miti ya miwati, hapa nyumba ya nani na anateka maji wapi. Hawakuzunguka kitu. Penye tope walivua viatu, penye ua wakaomba njia. Mwisho wa mwaka waliwaita watu kanisani, wakatundika ramani ukutani, kila mtu akatafuta kwake. Bibi mmoja aliondoka amenuna kwa sababu jiko lake halikuchorwa. Kesho yake Mwalimu Elphas akalichora, akampelekea aone.

Kwa kuwa Jepchirchir alikuwa msichana pekee, hakuweza kulala kwenye mahema na wavulana. Nangila alikuwa ameozesha binti yake Nabwire, chumba kilikuwa wazi, akasema aje kwake. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Kitu kimoja Nangila hakuwahi kukisahau. Ilikuwa Agosti iliyopita. Mwalimu Elphas alikuja na picha mbili za karatasi zilizopigwa kutoka kwenye ndege, akaziweka mezani bega kwa bega, na juu yake akasimamisha kijidude cha vioo viwili na miguu minne myembamba kama ya panzi.

"Inama hapa, Mama. Jicho hili hapa, na hili hapa. Usiwe na haraka."

Nangila aliinama. Kwanza aliona ukungu wa kijivu na mistari. Akataka kusema hamna kitu. Halafu, bila mtu kugusa chochote, ile karatasi ikainuka. Mlima ulisimama juu ya meza yake. Bonde likazama, miwati ikatoka juu kama manyoya ya mwana wa kuku, na kile kijito anachoteka maji kila siku ya Mungu kikajipinda chini kama uzi. Alirudisha kichwa nyuma, akaigusa picha kwa kidole. Ilikuwa bapa, laini. Akainama tena, na mlima ukainuka tena.

"Woi, Mwalimu! Nyumba yangu ni ipi?"

"Hiyo hapo, kama punje ya wimbi. Umeiona?"

Aliiona. Miaka yote hiyo alikuwa amepanda na kushuka mlima ule akiwa na jembe, mtoto mgongoni, debe kichwani, na hakujua kwamba unaweza kuonekana wote kwa mara moja, umelala pale kama mnyama mkubwa anayepumzika. Jioni hiyo alipokwenda kuteka maji, alitembea polepole, kana kwamba anakanyaga mgongo wa kitu kilicho hai.

Sasa, ile Januari ya kwanza Kikundi kilipokuja, mwaka mmoja kabla ya asubuhi hiyo, Jepchirchir alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kwenye mlima huo, mistari minne kutoka juu mpaka karibu na kijito. Kila kigingi kilikuwa na mkanda wa rangi nyekundu, na mkanda huo uligusana sawasawa na ardhi. Alipokuwa anaondoka alimshika Nangila mikono miwili akamwambia, "Mama, nichungie vigingi vyangu. Visipotee."

Kila mwanafunzi alikuwa na mlima wake wa namna hiyo. Aliupigilia vigingi mwaka mmoja, Agosti akaviacha vimezibwa na mahindi, akaupima mwaka uliofuata, na kutokana na vipimo hivyo akaandika kazi yake ya mwisho. Asipokuwa na vipimo hana cha kuandika, na asipoandika hapati cheti. Tena hapakuwa na mwaka wa tatu. Kikundi kilikuwa kimemaliza zamu yake upande wa Ziwa, mwaka ujao kinahamia Teso. Kama kuna kitu cha Jepchirchir kwenye mlima ule, kilikuwa cha kupatikana asubuhi hiyo. Ndiyo maana usingizi ulikataa.

Jua lilipotoka walipanda wote. Jepchirchir mbele na daftari, Mwalimu Elphas nyuma yake, na Kimutai, kijana wa Kikundi asiyeweza kunyamaza, amebeba rula ya chuma. Nangila aliwafuata akiwa amejifunga leso mpya. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuonyesha kazi yake.

Kigingi cha kwanza kilikuwa kimesimama wima. Kimutai akapiga magoti, akaweka rula.

"Hakuna."

"Hakuna nini?" Jepchirchir akauliza.

"Hakuna kilichotoka. Mkanda uko pale pale kwenye udongo. Sawa kabisa."

Wakaenda cha pili. Sawa. Cha tatu, sawa. Walimaliza mstari wa kwanza, wakaingia wa pili, na kila kigingi kilikuwa kimevishwa udongo mpaka kwenye mkanda, umeshindiliwa vizuri, hata nyasi zimeng'olewa.

"Mlima huu umeokoka," Kimutai alisema. "Milima mingine inaibiwa udongo, huu umempokea Bwana."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Elphas alivua kofia akajikuna kichwa. Mvua iliyosomwa kwenye geji mwaka ule ilikuwa kubwa, tena mvua ya kishindo. Haikuwezekana mteremko mkali kama huo, uliolimwa, usipoteze hata unene wa kucha.

Nangila aliona nyuso zao akafikiri wameshangaa kwa wema. Akasogea mbele.

"Si niliambiwa nichunge? Nimechunga. Kila mvua ikinyesha nilikuja hapa na karai langu. Nilikuta udongo umekimbia, chuma kimebaki uchi, nikakirundikia shinani kama mtu anavyorundikia mahindi, nikashindilia na kisigino. Hata siku nilipokuwa na homa nilikuja. Hakuna hata kimoja kimeanguka!"

Jepchirchir alikaa chini, palepale kwenye vumbi, daftari mapajani. Hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya ule udongo ulioshindiliwa, akakiacha hapo.

"Nimeharibu," Nangila alisema polepole.

"Hapana, Mama."

"Nimeharibu. Niambie nimeharibu nini."

Mwalimu Elphas ndiye aliyemweleza, naye alichuchumaa kwanza ili asiongee akiwa juu yake. Alimwambia mkanda mwekundu ulikuwa alama ya mahali ardhi ilipokuwa mwaka jana. Mvua ikichukua udongo, mkanda unabaki juu, hewani, na nafasi kati ya mkanda na ardhi ndiyo wanayoitafuta. Wao walitaka kuona chuma kikiwa uchi.

"Na mimi nilikuwa nakivisha," Nangila akasema.

"Ulikuwa unakivisha. Kosa ni letu, Mama. Tulikwambia uchunge, hatukukwambia tunatafuta nini. Mtu anayependa shamba angefanya nini kingine?"

"Mimi ndiye sikusema," Jepchirchir akasema kutoka pale chini. "Niliona haya. Niliona kama nitamfundisha Mama mambo ya udongo wake mwenyewe." Kisha akainuka, akapangusa sketi, akafanya kitu ambacho Nangila alikikumbuka maisha yake yote. Akamshika mkono. "Ulikuja hata ukiwa na homa, Mama?"

Hapo ndipo machozi yalimtoka Nangila. Angekaripiwa angevumilia.

Waliangalia mstari wa tatu, na ulikuwa vilevile, nadhifu kama kaburi la mchungaji. Kimutai alianza kufunga rula kwenye gunia lake bila mzaha wowote. Mwalimu akauliza, kwa kumaliza tu, "Na ule wa nne, Mama? Nao uliuchunga hivi hivi?"

Nangila akainamisha uso. Hili alikuwa ameomba wasiliulize. Tangu walipofika alikuwa anatafuta namna ya kuwazungusha wasifike upande ule.

"Ule wa nne mnisamehe. Ule sikuuchunga hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Unapita mlangoni kwa mkwe wangu."

Kimutai, ambaye ni Mnandi, hakuelewa. Lakini Mwalimu Elphas alielewa, na macho yake yakaanza kufunguka. Wepukhulu, mume wa Nabwire, aliendesha trekta la Bwana Ndevu, na Kaburu huyo, asiyejua lolote, alikuwa amempa nyumba mlima uleule anaokaa mama mkwe wake. Kwa Wabukusu kama Nangila hilo ni janga la kila siku. Mama mkwe haingii kwa mkwewe, hali naye, hapiti mbele ya mlango wake. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sembuse kwenda kuinama na karai mbele ya mlango wake, mgongo umeelekea kwake! Nangila alikuwa akizunguka mpaka kwenye miwati kila alipokwenda mtoni, mwaka mzima, kwa ajili ya nyumba ile.

"Nilikuwa naviona kwa mbali," alisema. "Vimesimama uchi kama meno ya mzee. Niliona aibu kwenu. Nilifikiri, hawa watu watasema Nangila amefanya kazi nusu."

"Mama," Jepchirchir alinong'ona, "vimesimama uchi?"

Hawakungoja jibu. Waliruka matuta ya maharagwe, Mwalimu na kofia mkononi, Kimutai akimwaga rula na kuiokota. Nangila alibaki nyuma ya ua wa michongoma, pale mpaka wake ulipoishia, akisikia sauti bila kuona.

"Nusu inchi!" Hiyo ilikuwa ya Kimutai. "Andika! Inchi nzima. Hiki moja na nusu... Mwalimu, njoo uone hiki, njoo uone!"

Nangila alikuwa akisimama kwa vidole vya miguu, akichungulia kwenye miiba kama mtoto nje ya arusi, Nabwire alipotokea upande wa pili akihema.

"Mama, njoo."

"Una wazimu? Baba watoto wako yuko?"

"Ametoka. Amewaona wakipima, akaniuliza wewe uko wapi. Nikamwambia uko kwa michongoma. Akachukua jembe akapitia nyuma ya nyumba. Amesema anakwenda ng'ambo ya kijito, harudi mpaka jua lianze kuinama. Amesema, 'Mwambie mama aje aone kazi yake.'"

Nangila akatazama ng'ambo. Mbali, kati ya miti, aliona shati la kijani likienda zake, mgongo umegeuzwa kwa makusudi, siku ya Jumamosi ambayo mwanamume yule angekuwa amepumzika. Hakuweza kumwita wala kumshukuru. Alisema moyoni, Mungu akubariki, mwanangu, akapita ua.

Ndipo alipoona.

Juu kabisa, mikanda myekundu ilikuwa imeinuka kidogo tu kutoka ardhini. Kadiri walivyoshuka, chuma kilirefuka, mpaka katikati ya mteremko vidole vitatu viliingia kati ya mkanda na udongo. Mizizi ya mti wa jirani ilining'inia hewani. Nangila aliingiza vidole vyake mwenyewe. Vitatu, na bado nafasi ilibaki. Udongo huo wote ulikuwa mahali hapo Januari iliyopita. Watu walikuwa wameukanyaga.

"Mwaka mmoja?" aliuliza.

"Mwaka mmoja, Mama," Jepchirchir alijibu, na penseli yake haikutulia.

Chini, karibu na kijito, walikwama. Vigingi viwili vya mwisho havikuwepo.

"Vimeibwa," Kimutai alisema. "Mtu ametengeneza mkuki."

"Nyamaza," Mwalimu alimwambia. Alipima kwa hatua kutoka kigingi cha juu, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Jepchirchir naye akapiga magoti. Nangila na Nabwire wakajiunga. Udongo ulikuwa laini, mwekundu, umelala tabaka juu ya tabaka kama chapati. Walichimba mpaka kifundo cha mkono, wakapita. Kisha kucha za Nangila zikagonga chuma.

Walikifukua. Kichwa cha kigingi kilikuwa chini kabisa, na mkanda mwekundu chini zaidi, umezikwa.

Nangila aligeuka akatazama juu, akaufuata mstari kwa macho: kidole kimoja, viwili, vitatu, kisha huku chini kaburi. Ule mlima aliouona ukisimama mezani kwake, uliolala kama mnyama anayepumzika, haukuwa umelala. Ulikuwa unatembea. Usiku na mchana, chini ya miguu yao, chini ya vitanda vyao, chini ya mahindi, ulikuwa unashuka polepole kwenda mtoni, na mto unaubeba kwenda nchi asizozijua.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kanisani, "vitu hivi Mungu anavifanya sisi tumesimama juu yake, na hatusikii hata kishindo?"

"Hata mimi, Mama," Mwalimu Elphas alisema, "nimesoma miaka mingi, lakini kila nikiviona nashangaa hivi hivi." Akamgeukia Jepchirchir. "Mstari huu umetoka juu mpaka chini, na hakuna aliyeugusa. Mmoja unatosha. Kazi yako ipo, binti. Kaandike."

Jepchirchir alifunga daftari, akaliweka kifuani, akafumba macho. Kimutai akarusha kofia ya Mwalimu hewani, ikanasa kwenye mwiba.

Kabla Kikundi hakijaondoka, walikaa siku chache wakiwaonyesha watu wa mlima namna ya kulima kwa kukata mteremko na kupanda nyasi kwenye matuta. Wepukhulu alichimba matuta ya upande wake na Nangila ya upande wake, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize na kuondoka, Nabwire akipeleka maneno katikati mpaka sauti ikamkauka.

"Mama anasema tuta lako limepinda!"

"Mwambie Mama nimesikia! Mwambie na lake limenyooka sana, limenitia aibu!"

Asubuhi ya safari lori lilikuja mapema. Jepchirchir alikuwa amekunja blanketi na kufagia chumba, na ndoo ya maji ilikuwa imejaa. Alikuwa ameteka akiwa wa kwanza kuamka. Nangila alimsindikiza mpaka barabarani na kikapu cha ndizi. Kimutai alimvuta msichana juu ya lori. Injini ilipoanza kunguruma, Nangila alishika ubao wa nyuma kwa mikono miwili, kama mtu anayeweza kuzuia gari.

"Mwaka ujao mnakwenda Teso."

"Ndiyo, Mama."

"Huku hamna kazi tena."

"Kazi ya huku imekwisha, Mama."

"Basi wewe uje bila kazi," Nangila alisema, na dereva akangoja. "Usilete rula, usilete daftari. Uje tu unione, mtoto wangu. Uje tena."